Nyumba ya Bi Zuwena Ilivyokaguliwa

Mwanangu Shaame,

Naanza kwa jina la Mola aliyekuleta kwangu, na salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, ingawa hivi sasa uko hapo uani tu, nakusikia unavyocheka na wenzio. Alasiri imepoa. Babako yuko barazani anakaza kamba ya sanduku lako, anaifungua, anaikaza tena, kama kwamba sanduku ndilo linalosafiri na wewe ndiye unayebaki. Mie nimejifungia chumbani nikasema naumwa kichwa. Haya nikikwambia kwa mdomo nitalia nawe utacheka, au utalia wewe nicheke mie, na yote mawili hayapendezi mbele ya wageni. Naandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, ndizo nilizofundishwa. Usizionee haya huko Unguja.

Habari za kula, kuvaa na kuchagua marafiki sitakutajia. Shangazi zako wamekutajia tangu Ijumaa mpaka nimekuonea huruma. Nataka kukwambia jambo jingine. Unakwenda kusomea kazi ya Bwana Afya. Utarudi na kofia na mkoba, na utakuwa unaingia kwenye nyumba za watu, maduka yao, shule zao na spitali zao, kutazama kama zinafaa. Watu watakuona ukipanda kilima na watakimbilia kuficha vitu. Mie naijua hofu hiyo. Nimekaguliwa mwanangu, tena nikaanguka, tena nikakaguliwa. Wakati huo ulikuwa bado unatambaa, hukumbuki kitu. Kaa nikusimulie.

Hii spitali yetu hapa kilimani, unayoijua na mabati yake na kisima chake, haikujengwa iwe spitali. Ilikuwa nyumba ya Bi Zuwena, yule bibi mwenye mashamba ya karafuu ambaye hakujaaliwa mtoto. Kabla ya hapo mtu akizidiwa hapa kwetu alitiwa kwenye machela akabebwa mpaka spitali ya Chake, jua lake, mvua yake. Shangazi yako Raya alibebwa hivyo akiwa na uchungu wa mtoto, na hakufika. Walimrudisha kwa njia ileile. Baada ya matanga Bi Zuwena akamwita babako na Bi Mize, mkunga, na mie nikafuata kwa sababu sikuweza kubaki nyumbani na kilio kile. Akatwambia, "Nyumba hii naitoa wakfu kwa wagonjwa. Mie kijumba cha nyuma chanitosha."

Serikali ikajibu kwamba nia ni njema, nayo iko tayari kuleta dresa wa kufunga vidonda, dawa na vitanda, lakini kwanza nyumba ikaguliwe. Ikipita, ni spitali. Isipopita, hapana. Na mpwa wake Bi Zuwena alikuwa keshapita pale akapimapima ukumbi kwa macho, akasema kwa sauti ya upole kwamba kama mambo hayakuwa, nyumba ile ingemfaa kuwa ghala la karafuu. Basi ujue palikuwa na nini mbele yetu: ama kitanda cha mgonjwa, ama gunia.

Sasa nikwambie tulivyojitayarisha, nawe ucheke, kwa maana hata sie tunacheka mpaka leo.

Tulitayarisha harusi. Naapa. Aliyeongoza alikuwa ni mie mamako. Nilipita nyumba kwa nyumba nikaazima kanga mpya, mabusati, mito ya hariri, na pazia la Bi Mize alilolitoa sandukuni likinuka maua ya afu yaliyokauka. Ukuta uliokuwa na ufa tukautundikia kanga. Sakafu iliyobonyea tukaitandikia busati. Darini palipooza tukapitisha shada za asumini. Chetezo cha udi kila pembe, kwa sababu ndani palikuwa na harufu ya popo. Jikoni masufuria ya pilau na halua kutoka Mtambile. Babako alisimama katikati ya ukumbi akasema, "Asha, umeifanya Pepo." Nikaona kichwa changu kimegusa mbingu.

Bwana Afya akaja. Jina lake Bwana Mbarouk, Mwunguja, mrefu, mwembamba, si msemaji. Tukampigia vigelegele toka njiani. Akasimama mlangoni akavua kofia.

"Sabalkheri. Hodi."

"Karibu Bwana, karibu kwanza ule!" nikamwambia.

"Ahsante sana bibi. Nikila kwanza macho yangu yatasinzia. Nitazame, kisha tutaona."

Akaingia. Akatembea taratibu mpaka kwenye ile kanga nzuri kuliko zote, akaigusa kwa kidole.

"Nguo hii imefunika nini, bibi?"

"Imefunika ukuta, Bwana."

"Na ukuta una nini?"

Nikainyoosha pindo nguo ile. Akainyanyua. Ule ufa, mwanangu, ungeweza kuweka mkono mzima. Akakunja busati, chini yake vumbi na shimo. Akatoa tochi akaielekeza darini, na pale ndipo popo walipoamua kutoka. Walitoka kama moshi. Bi Mize, unavyomjua alivyojaa, akapiga ukelele akakaa chini juu ya sinia ya halua. Nilitaka kufa, na wakati huohuo nilitaka kucheka, na nilijiuma midomo mpaka ikaniuma.

Bwana Mbarouk hakucheka wala hakufoka. Akazunguka nje akatazama kisima, kilichokuwa wazi na ukingo umebomoka, na choo kilichokuwa juu yake mlimani, maji ya mvua yakitoka chooni kuteremkia kisimani. Akatazama madirisha madogo kama ya ngome. Akatupa majibu hapohapo barazani. "Nyumba hii ina mifupa mizuri. Lakini bado. Ukimleta mgonjwa hapa atapona ugonjwa wake akashikwa na wa nyumba. Nitarudi karafuu zikishaanikwa. Ikiwa bado, basi nitaandika kwamba haifai, na sitakuwa na la kufanya."

Akanywa kahawa kidogo, akaaga. Pilau tukala wenyewe, na haikuwa na ladha.

Hebu nikwambie hasira zetu. Bi Mize alisema, "Mtu atoke Unguja aje akunjue busati la watu! Adabu gani hiyo?" Na mie nikasema maneno makubwa kuliko hayo, ambayo sitayaandika. Nilimwona kuwa ametuvunjia heshima. Nilikwenda nyumbani nikajifunika. Babako akanibembeleza, nikamwambia aache nyumba iwe ghala, tumeshajitia aibu.

Siku ya pili nikapanda kurudisha nguo za watu. Nilikuwa peke yangu, nimekuacha kwa bibi yako. Kumbe homa ilikuwa inaninyemelea, homa ya kutetemeka, na nilipofika katikati ya ukumbi miguu ikakataa. Palikuwa na vitanda viwili vya kamba tulivyoviweka kwa maonyesho. Nikajitupa juu ya kimoja, chali.

Na hapo, mwanangu, ndipo nilipoiona nyumba ile kwa mara ya kwanza.

Maana mgonjwa haioni nyumba kama mwenye kusimama. Mgonjwa anaona dari. Nikaona boriti zilizoliwa na mchwa, na kinyesi cha popo kikinidondokea karibu na shavu. Jua la kwenye kidirisha cha mashariki lilinipiga machoni, sikuwa na nguvu za kujigeuza. Nilikuwa na kiu, na mtungi ulikuwa mbali, umbali ambao jana nilikuwa nauvuka kwa kucheza. Upepo haupiti. Nikataka kutoka nje nitapike, nikautazama mlango na kizingiti chake kirefu kama ukuta, nikajua sifiki. Nilitapika hapohapo kando ya kitanda, kwenye lile busati la kuazima.

Nilipopata nafuu kidogo nikaanza kucheka peke yangu kwa udhaifu. Nikajisemea: Asha, umemwandalia mgeni karamu, na mgonjwa hukumwandalia kitu. Bwana Mbarouk angekula akaenda zake. Atakayelala hapa ni Raya.

Homa ilipoachana nami nikamwita babako na Bi Mize tukapanda wote. Nikawaambia, "Laleni."

"Tulale wapi?" babako akauliza.

"Hapo vitandani. Wewe hapa, Bi Mize kule. Msiinuke. Niambieni mnaona nini."

Babako alinitazama kama homa imepanda kichwani, lakini akalala. Bi Mize akalala, kitanda kikalia. Kwanza wakatazama dari. Kisha Bi Mize akasema, "Yakhe, miguu yangu iko kwenye maji." Kumbe paa lilivuja usiku pale tusipopita. Babako naye, "Mie naona bawaba ya dirisha, imeshikwa na msumari mmoja. Upepo ukija dirisha litanipiga usoni." Basi wakaanza kushindana, huyu anapiga kelele hiki na yule kile, mie nazunguka na kipande cha mkaa natia alama ukutani. Jirani mmoja alipita njiani akasikia, akachungulia dirishani akawaona watu wazima wamelala chali mchana wanapiga kelele. Alikimbia mbio mpaka kijijini akasema nyumba ya Bi Zuwena imeshatiwa ugonjwa kabla ya kuwa spitali. Watu wakaja kututazama. Walipoelewa, kila mmoja akataka na yeye alale. Tulikuwa na foleni, Shaame! Tangu siku ile kazi haikuwa tena ya kwangu na babako, ikawa ya kijiji kizima.

Choo tukakifukia, tukachimba kingine upande wa chini. Kisima wanaume walikijengea ukingo na kukifunika kwa mbao za mfenesi. Popo tuliwafukuza kwa moshi wa makumbi ya nazi jioni walipokuwa wametoka, na kabla hawajarudi babako akaziba mianya kwa nyavu za waya. Waya huo aliutoa Bwana Velji, Mhindi mwenye duka Mtambile. Nilikwenda kumwomba nikiwa nimejiandalia maneno mengi, naye hakuningoja niyamalize. "Mke wangu anazaa mwezi wa Ramadhani," akasema, "chukua waya, chukua na misumari."

Kilichotusumbua zaidi ya vyote ni mlango.

Mlango ule, ule wa mbele, ulikuwa wa kuchongwa, maua yake na minyororo yake, na aliyeuchonga ni baba yake babako. Ni mlango pekee wa mzee huyo uliokuwa bado umesimama. Mwembamba, kizingiti kirefu, kama walivyopenda watu wa zamani. Bi Mize ndiye aliyesema tuujaribu. Akajilaza kwenye machela mwenyewe. "Nibebeni kama mgonjwa. Mie nikipita, kila mtu atapita." Vijana wanne wenye nguvu wakamwinua, wakaja naye, wakafika mlangoni. Wakakwama. Wakajaribu ubavu, Bi Mize akaanza kuteleza. Wakainua miguu, kichwa kikashuka. "Nashukiwa na damu kichwani!" anapiga kelele, "Nishusheni, nitazaa na umri huu!" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini nikamtupia jicho babako, nikaona hacheki. Alikuwa ameuweka mkono juu ya yale maua ya mbao.

Hakusema neno siku ile wala iliyofuata. Nami nikanyamaza, na katika ndoa yetu hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizopata kuzifanya. Ulimi wangu ulikuwa na hoja zote tayari. Lakini nilihisi kwamba nikisema mimi, atakata mlango kwa ajili yangu, na kila akiupita atanikumbuka vibaya. Siku ya tatu alichukua msumeno akapanda peke yake. Tulipomfuata tulimkuta ameshang'oa fremu nzima, amekibwaga kizingiti, na anapima upana kwa ile machela. Akanambia bila kugeuka, "Mzee alichonga mlango ili watu wapite. Nisipokata, nimeugeuza kaburi lake." Zile mbao za maua hakuzitupa. Ndizo zilizo juu ya dirisha la wodi ya wanawake, ambako aliyelala anaziona.

Nimekwambia hili kwa sababu wewe utakuwa unawaambia watu, "Huu mlango ubomolewe, huu ukuta uvunjwe." Utasema kweli. Lakini kila ukuta una aliyeujenga. Mpe siku mbili tatu za kunyamaza.

Karafuu zikaanikwa, zikakauka, na habari zikaja kwamba Bwana Mbarouk yuko njiani. Na hapa, mwanangu, wazimu wangu wa zamani ukanirudia. Nyumba ilikuwa safi, kila kitu mahali pake, ukuta umepigwa chokaa na umekauka. Lakini alfajiri ya siku yenyewe nikaona doa. Doa dogo! Nikasema tupake tena, mkono mmoja tu, iwe nyeupe pepepe. Babako akasema, "Mwanamke, kuna mawingu." Sikusikia. Nikapaka, mvua ikashuka, chokaa ikagoma kukauka. Kila aliyeegemea ukuta siku ile aliondoka na mgongo mweupe. Mpwa wake Bi Zuwena alikuja na joho lake jeusi la sherehe, akaegemea.

Bwana Mbarouk akafika amelowa. Safari hii hatukupiga vigelegele, na udi hatukufukiza. Nilimwambia tu, "Karibu Bwana. Tazama utakavyo."

Akatazama. Akamwaga ndoo ya maji sakafuni akaangalia yanakokwenda. Yakaenda mferejini, kimya kimya, kama yamefundishwa. Akafungua kila dirisha akalifunga. Akapima nafasi kati ya kitanda na kitanda. Alisimama muda mrefu anasikiliza mvua juu ya paa, akatembea na mkono umenyooshwa, kiganja juu, kutafuta tone. Hakupata. Halafu, wallahi, akavua viatu akalala kitandani. Mie na Bi Mize tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Nani aliwafundisha kuweka mtungi hapa?" akauliza akiwa amelala.

"Homa, Bwana," nikamjibu.

Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza, na nilipomwona meno yake nikaacha kumwogopa.

Alikuwa bado hajamaliza. Alikuwa nyuma, jikoni, tuliposikia sauti za watu bondeni. Wanaume wanapanda na machela kwenye matope, mvua inawapiga, na juu ya machela ni Time binti Ali, mke wa mpanda mikarafuu mmoja, uchungu umemshika tangu usiku na mtoto hataki kushuka. Walikuwa wanampeleka Chake. Walipoona watu kilimani wakadhani spitali imeshafunguliwa.

Haikuwa imefunguliwa. Tulikuwa tumeambiwa waziwazi, asilale mgonjwa yeyote humu kabla ya ruhusa. Machela ikasimama kwenye mvua. Time anamwita mamake. Mimi nikamwona Raya, Shaame. Sikumwona Time. Nikageuka nikamkuta Bwana Mbarouk amesimama nyuma yangu, na nadhani uso wangu ulikuwa si wa adabu.

Bi Mize ndiye aliyesema. "Bwana. Sema moja."

Akatazama barabara ya kwenda Chake, ilivyokuwa mto. Akatazama machela. Kisha akamsogelea yule kijana wa mbele aliyekuwa anateleza, akamwambia, "Nipishe." Akashika mpini yeye mwenyewe. Wakapita mlangoni. Machela haikugusa huku wala huku. Haikuinama. Time hata hakujua kwamba amepita mlango. Nilimtazama babako akitazama. Sitaki kuieleza sura yake, nitaiharibu.

Walipomlaza, Bwana Mbarouk akasema, "Mkunga ni wewe, Bi Mize. Mimi kazi yangu ni nyumba, na sijamaliza nje." Akatoka.

Tulifanya kazi. Maji safi yalikuwa karibu, mwanga ulikuwa wa kutosha Bi Mize kuona anachofanya, upepo ulipita, na sakafu ilisafishika. Nilivielewa vile vitu vyote tulivyovihangaikia, kimoja kimoja, kila mkono wangu uliponyooka ukakikuta kipo. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Bi Mize alimgeuza kwa mikono yake, taratibu, huku anamwimbia Time kama mtoto mdogo. Na kabla ya adhuhuri akatoka mtoto wa kike, mwekundu, mwenye hasira, akalia kwa sauti iliyoipita mvua.

Kijiji kizima kilikuwa barazani. Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilisikika Pujini, ndivyo wasemavyo, na mimi siwapingi. Bi Zuwena alitoka kwenye kijumba chake akicheza ngoma bila ngoma. Mpwa wake, na mgongo wake mweupe, alimkumbatia babako. Baadaye alitupatia mbao za vitanda viwili, na habari ya ghala hakuitaja tena.

Nikaenda kumtafuta Bwana Mbarouk nimpe habari. Nilimkuta nyuma ya jiko amechuchumaa kwenye mvua, ana fuu la nazi mkononi. Akanionyesha. Ndani maji, na viluwiluwi vya mbu vinacheza.

"Mtoto wa kike," nikamwambia.

"Nimesikia. Hongereni sana." Akalimwaga fuu. "Bibi, nyumba imepita. Lakini mafuu haya yakusanywe leo, si kesho. Yule mtoto ana siku moja duniani na mbu wake tayari anamsubiri."

Kama angalinyamaza kuhusu lile fuu kwa sababu ya furaha ya siku ile, nisingemlaumu. Hakunyamaza, wala hakulifanya fuu kuwa kubwa kuliko mtoto. Nimeishi na watu wengi tangu hapo, na walioweza kulifanya hilo ni wachache. Kisha akanawa mikono, akakaa barazani, akala pilau sahani ikajaa tena na tena, na alipoondoka koti lake lilikuwa jeupe nyuma toka shingoni mpaka kiunoni. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Dresa alikuja kabla ya mwezi mtukufu, na mie nikaajiriwa kuwa yaya wa kuhudumia wagonjwa katika wodi ya wanawake, kazi ninayoifanya mpaka leo. Mke wa Bwana Velji alizalia pale. Wadogo zako wote walizaliwa pale. Wakaguzi wengine wamekuja tangu hapo, wengine wapole, wengine walitufokea kama watoto, na nimejifunza kitu kutoka kwa wote. Kwa wale wa kufoka tulijifunza kuficha. Mtu akifokewa hatengenezi, anatafuta kanga.

Nami pia nilizidisha, nisikufiche. Kuna miaka niligeuka mlinzi wa sakafu. Nilimfukuza bibi mmoja aliyekuja na matope kumwona mjukuu wake, nikamsimamisha nje na ufagio wangu. Bi Mize alinichukua mkono akanambia, "Asha, sakafu ni ya nani?" Tangu hapo tuliweka ndoo ya maji na kata ya kuchotea mlangoni, watu wanawe miguu waingie. Jambo dogo kabisa, lakini lilinichukua mwaka mzima kulifikiri, kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Ukikasirika, mwanangu, ahirisha kutoa amri. Dawa ya matope inaweza kuwa ndoo tu.

Basi nenda. Jifunze vipimo vyao, jifunze majina ya wadudu, jifunze Kiingereza chao, usiache kitu. Ukifika mahali pa watu, piga hodi hata kama una barua ya serikali mfukoni. Ukishamaliza kusimama, lala.

Na jambo la mwisho, la siri, usimwambie babako. Nyuma ya jiko letu kuna pipa la maji ya mvua. Kifuniko chake kimeoza, na najua fika kilichomo, mimi yaya wa miaka yote hii. Nilikuwa nikitengeneze wiki iliyopita, nikakiacha. Nimesema pipa nitalimwaga kila Ijumaa, halitadhuru mtu, lakini kifuniko hatakitengeneza mwengine ila wewe, ukija likizo. Na nikikuandikia katikati ya masomo yako kwamba pipa limekuwa baya, limetushinda, lahitaji mkaguzi, wewe njoo tu, usilete dawa ya mbu. Pipa litakuwa halina kitu. Ni mamako tu.

Sasa natoka, kichwa kimepona. Nasikia unaniita.

Asha binti Faki, aliyekuzaa na kukuridhia.